Saa ni Mapatano: Rai kwa Mwalimu Anayefundisha Wakati

Miongoni mwa mada ambazo walimu wa shule za msingi huziona kuwa nyepesi, mada ya saa imo katika safu ya mbele. Mwalimu huingia darasani na uso wa saa uliokatwa kwa kadibodi, huzungusha mishale yake, huuliza "Saa ngapi?", na watoto hujibu kwa sauti moja. Baada ya vipindi vichache mada huhesabiwa kuwa imekwisha, na azimio la kazi hutiwa alama. Rai ya makala hii ni kwamba hapo mada haijaanza. Mtoto amefundishwa kusoma chombo tu. Hajafundishwa wakati unapimwa kwa kitu gani, wala ni nani walioamua kwamba saa sita iwe saa sita. Naye mtoto asiyefundishwa jambo hilo hukua akidhani kwamba saa ni amri iliyotoka mbinguni, na kwamba kila anayekosana nayo ni mkosaji. Dhana hiyo ina madhara, nayo huwaangukia zaidi watoto wa vijijini.

Nawaandikia wanachuo ambao, baada ya kuhitimu, wengi wenu mtapangiwa shule zilizo mbali na lami. Kwa hiyo mfano wangu hautakuwa Dar es Salaam. Utakuwa Mgori, katika wilaya ya Singida, mahali penye mashamba ya mtama, uwele na alizeti, penye mifugo na msitu mkubwa wa miombo. Pale ndipo twaweza kuona vizuri jinsi saa ya ukutani na jua la uwanjani zinavyopishana.

Saa ya Kiswahili na jua la nyumbani

Tuanze na lile ambalo mtoto anakuja nalo shuleni. Mtoto wa Mgori hafiki darasa la kwanza akiwa mtupu. Anajua wakati wa jogoo la kwanza na la pili. Anajua ng'ombe hutoka zizini umande ukishakauka, anajua jua la utosini, na anajua kuku huingia bandani kabla giza halijatanda. Hiyo ni elimu ya wakati, ingawa haina tarakimu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia shule inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya adhani kuwa maarifa yote yenye maana yamo vitabuni. Mwalimu anayeanza mada ya saa kwa kadibodi, bila kuuliza nyumbani kwa watoto wakati hujulikanaje, anatenda kosa hilo hilo.

Kisha ipo hesabu ya saa ya Kiswahili yenyewe. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na saa za usiku jua linapozama, ndiyo maana saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kutimia. Wapo wasomi wanaoiona hesabu hii kuwa ni kioja cha Waswahili, na hata kuionea haya mbele ya wageni. Historia inawakanusha. Warumi wa kale walihesabu saa za mchana tangu macheo. Waethiopia huhesabu tangu alfajiri mpaka leo. Katika dola ya Waturuki saa zilirekebishwa jioni, jua lilipozama, zikaanza upya, na Uturuki iliiacha desturi hiyo kwa sheria ya mwaka 1925 tu. Neno lenyewe "saa", pamoja na "dakika", yalitufikia kwa Kiarabu, kama yalivyotufikia majina ya alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, ambayo kwanza yalikuwa majina ya nyakati za sala na leo hutumiwa na watu wa dini zote.

Zaidi ya hayo, hesabu hii inafaa mahali tulipo. London, jua huchomoza mapema mno mwezi Juni na kuchelewa sana mwezi Januari, tofauti ikipita saa nne. Mtu wa huko hawezi kuyafanya macheo kuwa mwanzo wa hesabu bila kuisumbua saa yake kila wiki. Mgori iko karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na macheo yake hayatofautiani kwa zaidi ya dakika arobaini mwaka mzima. Kwa hiyo hesabu ya Kiswahili si ushamba. Ni kipimo kilichochaguliwa kwa busara na watu waishio karibu na ikweta. Mwanafunzi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Majina ya siku nayo yana hazina kama hiyo. Jumamosi ni siku ya mosi baada ya Ijumaa, kisha hufuata Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na hapo ghafla huja Alhamisi, neno ambalo kwa Kiarabu maana yake ni ya tano. Wiki yetu basi ina siku mbili zinazoitwa za tano, moja kwa hesabu ya Kibantu inayoanzia Jumamosi na nyingine kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Mtoto wa darasa la tatu akiulizwa kwa nini iko hivyo, atafikiri sana, na huko kufikiri ndiko tunakokutafuta.

Jinsi dunia ilivyopatana

Mwalimu hawezi kulieleza jambo asilolijua asili yake. Wamisri wa kale waliugawa mchana mafungu kumi na mawili na usiku vivyo hivyo, nayo mafungu hayo yalirefuka na kufupika kwa majira. Watu wa Babeli walihesabu kwa sitini, na kutoka kwao, kupitia kwa wanajimu wa Kiyunani kama Ptolemaio, tulirithi dakika sitini na sekunde sitini. Sitini ni namba yenye faida, maana hugawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30 bila baki. Hapa mwalimu wa Hisabati ana mfano mzuri wa vigawo kuliko wowote ulioandikwa katika kitabu.

Saa za mitambo zilianza kuonekana Ulaya mwishoni mwa karne ya 13 na katika karne ya 14. Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa ya timazi, ambayo kosa lake kwa siku lilikuwa dogo sana kuliko la zile zilizoitangulia. Mwingereza John Harrison, aliyekuwa seremala kwa kazi yake ya kwanza, alikamilisha mwaka 1759 saa ndogo iliyoweza kwenda sawasawa juu ya merikebu, na kwa saa hiyo mabaharia wakaweza kujua longitudo yao baharini.

Hata hivyo, usahihi wa mitambo haukuleta saa moja kwa watu wote. Kila mji uliendelea kufuata jua lake. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kumi hivi, wala hapana aliyeona shida, kwa sababu farasi hakwenda kasi ya kutosha kuifanya tofauti hiyo iwe na maana. Shida ililetwa na garimoshi. Mtu hawezi kuandika ratiba ya treni inayopita miji ishirini yenye saa ishirini. Ndiyo sababu mwaka 1840 kampuni ya reli ya Great Western iliamua kutumia saa ya London katika vituo vyake vyote. Sheria ya Uingereza ilikuja kuufuata utaratibu huo mwaka 1880, yaani miaka arobaini baadaye. Huko Marekani, kampuni za reli zilianza kutumia saa za kanda tarehe 18 Novemba, 1883, wala hazikungoja sheria ya nchi.

Mwezi Oktoba, 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington kuchagua mstari mmoja wa longitudo uwe mwanzo wa kuhesabia. Nchi 22 ziliichagua Greenwich, San Domingo ilikataa, Ufaransa na Brazili hazikupiga kura. Kutoka Afrika ilihudhuria Liberia peke yake. Kikao cha mwisho kilifanyika tarehe 1 Novemba, na wiki mbili baadaye, tarehe 15 Novemba, ulifunguliwa mkutano wa Berlin, ambao uliweka kanuni za mataifa ya Ulaya kuligawana bara letu. Mikutano hiyo miwili haikuwa na ajenda moja. Lakini mwanafunzi wa Historia anapaswa kuitazama kwa pamoja, kwa sababu katika majira yale yale mistari ya kuhesabia dunia na mistari ya kuigawa Afrika ilijadiliwa katika vyumba ambamo sisi hatukuwamo.

Wala mapatano hayo hayakukubaliwa kwa moyo mweupe hata na wakubwa wenyewe. Ujerumani iliunganisha saa zake mwaka 1893. Ufaransa ilikaa mpaka mwaka 1911, na hata hapo sheria yake haikulitaja jina la Greenwich. Ilisema tu kwamba saa ya Ufaransa ni ile ya Paris, iliyorudishwa nyuma dakika 9 na sekunde 21. Mwanachuo afikiri juu ya hilo. Ikiwa taifa kubwa lilisita miaka 27 kuiacha saa ya jua lake, kwa nini tumcheke mzee wa kijijini anayesita?

Kwetu saa hiyo ilifika kwa njia kadhaa. Waya wa simu uliopita chini ya bahari uliifikia Unguja mwaka 1879, ukitokea Aden. Mwaka 1896 watu wa Unguja walionja ukali wa dakika. Waingereza walimpa Khalid bin Barghash mwisho wa saa tatu asubuhi, tarehe 27 Agosti, aondoke kasrini. Ilipofika saa tatu na dakika mbili mizinga ilifyatuliwa, na kabla ya saa nne watu wapatao mia tano walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Bara, Reli ya Kati ilianza kutumika hadi Morogoro mwaka 1907, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Manyoni, ambayo leo imo katika mkoa huu wa Singida. Kigoma na Dar es Salaam zinatofautiana kwa jua karibu dakika 39. Bila saa ya pamoja, msimamizi wa kituo angeharibikiwa kila siku. Katika mashamba ya mkonge, kibarua alipewa kipande cha siku thelathini, na siku aliyokatwa haikulipwa. Wakati ukawa kitu cha kupimwa, kununuliwa na kuibiwa.

Katika Kenya, serikali ya kikoloni iliibadilisha saa zaidi ya mara moja, na kwa miaka kadhaa ikatumia saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich. Leo Tanzania, Kenya na Uganda zote hutumia saa tatu kamili mbele ya Greenwich. Sekunde nayo, tangu mwaka 1967, haipimwi tena kwa mzunguko wa dunia. Hupimwa kwa mitetemo ya atomi za seziamu. Hata hivyo, atomi haisemi saa ianzie wapi. Jambo hilo limebaki mikononi mwa watu na mapatano yao.

Jua la Mgori na saa ya taifa

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au dakika 4 kwa kila nyuzi. Saa tatu mbele ya Greenwich ni saa ya jua la nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haupiti Tanzania hata kidogo. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Nchi yetu nzima iko magharibi yake. Mgori iko karibu na nyuzi 35. Tofauti ni nyuzi 10, nazo ni dakika 40.

Maana yake ni kwamba, kwa wastani, jua hufika juu kabisa mbinguni pale Mgori saa 6 na dakika 40 mchana, wala si saa sita kamili. Kwa kuwa mwendo wa dunia kulizunguka jua hauna kasi moja, na mhimili wake umeinama, wakati huo husogea kidogo. Mwanzoni mwa Novemba hukaribia saa 6 na dakika 24, na katikati ya Februari hukaribia saa 6 na dakika 54. Macheo nayo hufuata. Mwanzoni mwa Novemba jua la Mgori huchomoza karibu saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mwezi Julai huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika hamsini.

Sasa mfikirie mtoto wa darasa la pili anayekaa mwendo wa saa nzima kutoka shuleni, pembezoni mwa msitu. Shule inamtaka awepo saa moja kamili kwa usafi. Mwezi Julai itampasa atoke nyumbani saa kumi na mbili, dakika hamsini kabla ya jua kuchomoza, katika giza na baridi, apite vichakani peke yake. Mama yake, ambaye hana saa ila ana macho, humzuia mpaka kupambazuke. Mtoto anafika amechelewa, na katika shule nyingi anapokewa na fimbo. Nauliza: nani amekosa hapo? Mtoto ametii jua na mama yake. Saa imetii mstari wa Somalia. Mwalimu asiyejua hesabu hii ya nyuzi kumi anaadhibu longitudo kwenye mgongo wa mtoto.

Tena tukumbuke kwamba kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaihusisha adhabu hiyo na makosa makubwa ya nidhamu, zinaweka kikomo cha viboko vinne, na zinampa mamlaka mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwalimu wa zamu anayesimama langoni na fimbo kila asubuhi hana kanuni inayomlinda.

Sisemi kwamba Mgori iwe na saa yake. Faida ya saa moja kwa nchi nzima ni kubwa. Mtihani huanza mahali pote kwa pamoja, na mfanyabiashara wa kuku wa Singida hajiulizi mnunuzi wake wa Dodoma anafuata jua lipi. Ninachosema ni kwamba mwalimu aijue bei ya mapatano hayo na nani anayeilipa. Pale ambapo shule ina uwezo wa kupanga, kama vile saa ya usafi wa asubuhi, mkuu wa shule na kamati ya shule waweza kuusogeza usafi huo mbele katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, au kuupeleka baada ya masomo. Wilaya haitaanguka kwa ajili hiyo.

Kufundisha kwa vitendo

Somo hili laweza kufundishwa bila fedha. Napendekeza hatua tano.

Kwanza, watoto waende nyumbani wakawaulize wazee: kabla ya saa kuwepo, watu walijuaje muda wa kwenda shambani, wa kukamua, wa kuanza safari? Majibu yaandikwe ubaoni na yahesabiwe kuwa ni maarifa, si masimulizi ya kuchekesha.

Pili, kijiti kilichonyooka kisimikwe wima uwanjani. Kila nusu saa kikundi kimoja kiweke jiwe kwenye ncha ya kivuli na kupima urefu wake kwa rula. Watoto wenyewe wataona kwamba kengele ya saa sita ikilia kivuli bado kinafupika. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba wataona ajabu zaidi, maana jua hupita juu ya utosi wa Mgori na kivuli hukaribia kutoweka. Mwezi Oktoba hilo hutokea karibu saa sita na nusu, na mwezi Machi karibu saa sita na dakika hamsini. Kati ya Machi na Oktoba kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, na miezi iliyobaki huangukia kaskazini. Mtoto aliyeona hivyo hatahitaji kukariri pande za dunia.

Tatu, kopo lenye tundu dogo chini lijazwe maji, na watoto watie alama ndani yake kila baada ya dakika tano. Watagundua kwamba alama hazilingani umbali, kwa kuwa maji yakipungua hutoka polepole zaidi. Hapo watajionea wenyewe kwamba kugawa wakati sawasawa ni kazi ngumu, iliyowatoa jasho mafundi wa karne nyingi.

Nne, ndipo kadibodi iingie. Mtoto ajifunze kusoma mshale mfupi na mrefu, na afundishwe siri moja ya kale ya watumiaji wa saa ya Kiswahili: soma namba inayoelekeana na mshale mfupi. Mshale ukiwa kwenye 7, upande wa pili ni 1, basi ni saa moja. Ukiwa kwenye 12, upande wa pili ni 6, basi ni saa sita. Kwa tarakimu za simu atoe sita, na pale ambapo haziwezi kutolewa aongeze sita. Zoezi hili si mchezo. Tiketi ya basi iliyoandikwa 6:00 imekwisha kumwacha msafiri wengi, kwa kuwa mwandishi alikusudia alfajiri na msomaji akaelewa adhuhuri. Na mtoto atakapofika katika somo la Kiingereza atalazimika kuziita saa hizo kwa hesabu nyingine. Asipoandaliwa, ataambiwa amekosea, na hatajua kosa lake ni nini.

Tano, mchezo wa miadi. Kundi moja lifuate kijiti, kundi la pili lifuate saa ya mkononi. Wote waagizwe kukutana chini ya mti fulani adhuhuri. Wa saa watafika na kungoja, na wa kijiti watakuja baada ya nusu saa au zaidi, wakiapa kwamba hawakuchelewa. Waacheni wabishane. Kisha ulizeni: nani mkweli? Wote. Tufanyeje basi? Watoto wenyewe watasema, "Tukubaliane." Katika dakika hiyo wamejifunza kilichowachukua wenye reli na wajumbe wa mataifa nusu karne.

Watoto wa Mgori hawatakosa mfano wa jambo hili kwao. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyouzunguka msitu wa Mgori vilipatana kuutunza, kila kimoja na eneo lake na sheria zake. Mipaka ile haikuchorwa na mvua. Watu waliitembelea, wakaijadili na kuikubali, na kwa kukubaliwa ndiyo ikawa na nguvu. Saa sita ni mpaka wa namna hiyo.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kwamba mtihani huuliza swali moja au mawili ya saa, na muda hautoshi. Namjibu kwamba hatua hizi tano zinagusa Hisabati, Sayansi, Jiografia, Historia na Kiswahili kwa pamoja. Mwalimu anayepanga vizuri haongezi kipindi hata kimoja, anaviunganisha. Tena mtaalamu wa Uswisi Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1946 juu ya dhana ya wakati kwa mtoto, alionyesha kwamba watoto wadogo huchanganya muda na umbali, hata wakadhani kwamba aliyefika mbali zaidi ndiye aliyetembea muda mrefu zaidi. Kuzungusha mishale ya kadibodi hakutibu mchanganyiko huo. Kijiti, kopo na miadi humpa mtoto nafasi ya kuutambua mwenyewe.

Wa pili atasema kwamba nikimfundisha mtoto kuwa saa ni mapatano, ataifanya longitudo kisingizio cha uvivu. Sidhani. Mtu huheshimu zaidi patano analolielewa kuliko amri asiyoijua chanzo. Waliocheza mchezo wa miadi wanajua kwamba anayechelewa huwaibia wenzake muda wao, na hiyo ni sababu ya kuwahi iliyo bora kuliko fimbo. Twawafundisha watoto kwamba wakati ni ukuta, ukishindana nao utaumia. Methali hiyo ni ya kweli kwa wakati wenyewe, ambao hapana mtu aurudishaye. Lakini saa ya kengele si wakati wenyewe. Ni ukuta uliojengwa na watu, na watu waweza kuujengea mlango.

Wa tatu atasema kwamba sasa kuna simu, na hesabu ya Kiswahili itakufa yenyewe. Mpaka leo haijafa. Watu huitazama simu iliyoandika 20:00 na kusema bila kusita kwamba ni saa mbili usiku. Hesabu mbili zimeishi kichwani mwa mtu mmoja kwa zaidi ya karne bila kugombana. Kazi ya shule ni kumfanya mtoto azimiliki zote mbili, asiione haya moja na kuiogopa nyingine.

Basi, ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule, kabla hujaipokea zamu ya kwanza, fanya mambo mawili. Tazama ramani ujue shule yako iko nyuzi ngapi mashariki, utoe katika 45, uzidishe kwa 4. Kisha amka mapema siku moja, usimame nje, uone jua linachomoza saa ngapi na watoto wako wanatokea njia zipi. Ukiwa na hesabu hizo mbili daftarini, utajua la kufundisha katika mada ya saa, na utajua la kumwuliza mtoto anayefika saa moja na robo, miguu yake ikiwa imelowa umande.